Nilivyoacha Kulinda Mlango wa Chama

Kwa miaka mingi nilikuwa katibu wa tawi la chama katika wadi moja ya Voi, Kaunti ya Taita Taveta, na kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote. Chama chenyewe sikitaji. Nitakayoyasimulia nimeyaona pia katika vyama vingine vikubwa vya Kenya, na nikitaja kimoja, wafuasi wa vingine watashusha pumzi waseme hayo ni ya wale.

Imani yangu wakati huo ilikuwa moja: chama lazima kijilinde dhidi ya wageni. Mgeni hakuwa lazima awe ametoka mbali. Angeweza kuwa amezaliwa Mbololo na kusomea Mwatate, lakini kama alitaka tiketi bila kupitia mikononi mwa wenye chama, basi alikuwa mgeni. Wenye chama walikuwa viongozi wa tawi, maafisa wa kaunti, waheshimiwa waliokuwa tayari madarakani, na juu yao vinara wa Nairobi. Sisi wa chini tulijiona walinzi wa mlango.

Nilikuwa na sababu zangu, na hata leo sizidharau. Nimeona mtu anayeishi mbali na sisi miaka minne, kisha mwaka wa tano anaingia wadini na msafara wa magari, jezi za timu za vijana na mifuko ya unga. Hajawahi kukanyaga mkutano wa tawi. Hajui bwawa gani limekauka wala ni kijiji gani ndovu wamekula mahindi yote. Anataka bendera ya chama kwa sababu anajua bendera hiyo, katika eneo letu, ina kura zake tayari. Nilijiuliza: tusipomzuia sisi, nani atamzuia?

Halafu kulikuwa na vyama vya mkobani. Kabla ya Katiba ya 2010, Mkenya asiye na chama hakuweza kuwania ubunge wala udiwani. Ilikuwa lazima chama kimteue. Kwa hiyo kila uchaguzi ulipokaribia vilifufuka vyama ambavyo ofisi yake ni mkoba wa mtu mmoja, na aliyenyimwa tiketi jioni aliamkia huko, akapata cheti kingine kabla ya chai. Nilipoona hayo nilizidi kuamini kwamba nchi yetu inahitaji vyama vyenye nidhamu, na kwamba nidhamu maana yake ni watu wachache wenye uzoefu kuamua nani anafaa.

Marehemu baba hakukubaliana nami. Alikuwa mmoja wa waliopanga foleni mwaka 1988. Vijana wengi wa leo wamesikia neno mlolongo bila kujua lilivyofanya kazi, kwa hiyo nieleze. Tangu Juni 1982, kwa kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, KANU ilikuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria. Katika mchujo wa 1988 wapiga kura walisimama mstari hadharani nyuma ya mwaniaji wao, au wakala wake, au picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mstari huo alikwenda Bungeni moja kwa moja bila kura ya siri kupigwa. Viongozi wa kanisa, akiwemo Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Askofu Henry Okullu na Kasisi Timothy Njoya, waliupinga utaratibu huo waziwazi wakati ambapo kupinga kulikuwa hatari. Katika sehemu nyingi mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu.

Baba alinisimulia kwamba foleni yao ilipinda ikazunguka uwanja, na aliyeshinda ni wa foleni ya pili. "Watu wote waliona," alisema. "Kuona hakukutusaidia."

Nilimjibu kwamba hayo yalikuwa ya KANU na zama zake. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, vyama vikawa vingi, kura ikawa ya siri. Baba hakubishana. Aliniuliza swali moja tu: katika mchujo wa chama chenu, anayetangaza mshindi anamwogopa nani? Swali hilo nililiacha hapohapo, nikalikuta tena Aprili 2022.

Mwaka huo katika wadi yetu alijitokeza mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya maji. Aliyeishi Voi anajua kwamba maji kwetu ndiyo siasa yenyewe. Mama huyu hakuwa na pesa wala jamaa mwenye cheo. Alikuwa na daftari ambamo kila mtungi uliouzwa katika kioski cha kamati uliandikwa, na kila shilingi ilijulikana imekwenda wapi. Aliomba tiketi ya udiwani dhidi ya mtu ambaye maafisa wa kaunti walikuwa wameshamkubali. Kwa kipimo changu cha zamani alikuwa mgeni, maana hakuwa amehudumu katika kamati yoyote ya chama. Nilimwambia hivyo uso kwa uso, kwa heshima. Akanijibu, "Katibu, nimeihudumia wadi. Chama ni cha nani kama si cha wadi?"

Mchujo ulifanyika. Nilikuwa miongoni mwa waliosimamia kuhesabu katika shule ya msingi ambayo ndiyo ilikuwa kituo chetu kikubwa. Kura zilipigwa kwa siri, zikamwagwa juu ya meza, zikahesabiwa kwa sauti mbele ya mawakala wa pande zote. Mama wa maji alishinda kwa tofauti ambayo haikuhitaji kurudiwa. Mawakala wakatia saini karatasi, hata wa mpinzani wake. Vituo vingine vya wadi vilileta habari ileile. Watu waliimba mpaka giza likaingia.

Cheti cha uteuzi alipewa yule mwingine.

Hapakuwa na maelezo ya maandishi. Nilipompigia afisa mmoja wa kaunti, aliniambia kwa upole, kama anayemliwaza mtu, "Katibu, usihangaike. Kumekuwa na makubaliano huko juu." Nikamuuliza kura tulizipiga za nini. "Zile zilikuwa za kupima upepo," akasema.

Nilikaa na ile karatasi yenye saini. Kwa mara ya kwanza niliisoma kama mtu wa nje. Haikuwa na nambari rasmi. Haikusema ibandikwe wapi, nani apewe nakala, wala nani afanye nini ikiwa mshindi wa karatasi si mwenye cheti. Mamia ya watu walishuhudia kura zikihesabiwa, na ushuhuda wao haukuwa na pa kwenda. Hapo ndipo swali la baba lilipopata jibu. Aliyetangaza mshindi alimwogopa aliyempa kazi ya kutangaza, basi. Foleni ya 1988 na sanduku letu la 2022 vilitofautiana kwa mambo mengi, lakini mwisho wa safari vilikutana katika chumba kimoja chenye watu wachache.

Na habari ya pesa, ambayo ndiyo ilikuwa nguzo ya imani yangu, ilianguka siku zilezile. Miaka kadhaa kabla yake, tawi letu lilikuwa limemkataa tajiri mmoja wa aina ile niliyoieleza, mwenye magari na jezi. Tulijivunia sana. Mwaka 2022 nilisikia jina lake likisomwa miongoni mwa waliopewa tiketi ya moja kwa moja, bila mchujo, kwa kiti kikubwa kuliko alichokuwa akikitaka kwetu. Sina ushahidi wa alichotoa na sitadai kwamba ninao. Lakini akili yangu iliona jambo ambalo haikuwa imeliona: mwenye pesa anayetaka kununua wadi nzima lazima amfikie kila mtu, na wengi watakula unga wake kisha wampigie mwingine. Anayetaka kununua uamuzi wa bodi ya watu kumi anahitaji watu sita. Kadiri mlango unavyokuwa mwembamba na walinzi wake wachache, ndivyo gharama ya kuupita inavyoshuka kwa mwenye nacho na kupanda kwa asiye nacho. Mama wa maji hakuwa na cha kumpa yeyote kati ya wale sita isipokuwa kura za watu wake, na kura hizo hazikuwa fedha inayokubalika pale mezani.

Tulishauriana naye afanye nini. Njia zilikuwa mbili, na hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu mtego uko katika tarehe.

Njia ya kwanza ni kulalamika. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 iliunda Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na jopo hilo limewahi kuwarudishia watu haki zao. Lakini kabla ya kulifikia, mlalamishi lazima kwanza ajaribu utaratibu wa ndani wa chama chenyewe, yaani ampelekee shauri yuleyule aliyempoka. Ndipo aende kwenye jopo. Kwa mtu wa Voi hiyo ni gharama ya safari, mawakili, malazi, nakala za hati. Na katika kipindi chote hicho lazima abaki mwanachama, maana asiye mwanachama hawezi kudai tiketi.

Njia ya pili ni Ibara ya 85 ya Katiba ya 2010, ambayo inamruhusu Mkenya kuwania bila chama. Sharti lake ni kwamba asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kura ilikuwa 9 Agosti 2022. Kwa hiyo aliyeporwa tiketi mwishoni mwa Aprili alikuwa na siku chache tu za kuchagua: abaki chamani apiganie alichoshinda, au aondoke aanze upya. Akibaki na jopo likachelewa au chama kikakaidi amri, mlango wa pili unakuwa umefungwa. Sheria hii iliandikwa kwa nia njema, ili watu wasitumie uhuru huo kama kituo cha basi cha walioshindwa kihalali kwenye mchujo. Lakini chama kinachojua kuchelewesha cheti kinaweza kuitumia kumfungia mtu katikati.

Mama alichagua kuondoka. Aliandika barua ya kujiuzulu, akaipeleka chamani na nakala kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, akagongewa muhuri.

Mwaniaji huru wa udiwani anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi. Kwa ubunge ni 1,000, kwa useneta ni 2,000 katika kaunti. Watu mia tano si wengi kwa mtu anayependwa. Ugumu ni kwamba waungaji hao nao hawatakiwi kuwa wanachama wa chama chochote. Mwaka 2021 Ofisi ya Msajili ilipoanza kuwawezesha watu kuangalia uanachama wao kupitia eCitizen, Wakenya wengi walishangaa kujikuta wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Sisi tulilikuta jambo hilo nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja wa Sagalla, mcha Mungu ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wa siasa, alikuwa mwanachama wa chama ambacho hata jina lake alishindwa kulitamka. Nambari yake ya kitambulisho waliipata wapi, hakujua. Alilia, na machozi yake yalikuwa ya hasira. Tulimsaidia kujiondoa ili atie saini.

Nami nilitaka kutia saini. Hapo ndipo mabadiliko yangu yalipotoka kichwani yakaingia mkononi, maana ili jina langu liwe miongoni mwa yale 500 ilinibidi nijiuzulu kwanza. Niliwahi kuzitunza hati za tawi hilo, nilizika wanachama wake, niliozesha watoto wao. Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu hadi leo, alinijia dukani kwangu akasema, "Mwanangu, chama ni kama mama. Mama hata akikosea hatupwi." Nilimwambia, "Mzee, shikamoo yako ninayo daima. Lakini mama huyu amewanyang'anya wanawe kura zao." Tulikaa kimya kwa muda, akanunua mbegu za mahindi alizokuja kununua, akaondoka. Bado tunasalimiana.

Kampeni sitaisimulia kwa urefu. Tume ya Uchaguzi iliidhinisha alama ya mama, mtungi wa maji. Chama kilituma watu kuwaambia wapiga kura wapige suti nzima, kuanzia rais hadi diwani, kiti kimoja kisiachwe. Wengine walituita wasaliti. Vijana waliokuwa wakibeba mabango ya mtungi walitishwa, mmoja akapigwa, na kwa siku kadhaa tuliacha kutembea usiku.

Ninachotaka kusimulia ni siku ya kura. Kituo kilikuwa shule ileile. Kura zilihesabiwa tena kwa sauti mbele ya mawakala. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata. Afisa msimamizi wa kituo alijaza Fomu 36A ya udiwani, mawakala wakaisaini, kila wakala akapewa nakala, na nakala nyingine ikabandikwa mlangoni. Wakala wa mama wa maji, binti aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alitoka ameishika fomu hiyo kwa mikono miwili. Kwa upande wa urais, fomu za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, na mimi mwenyewe nililinganisha ya kituo chetu na ile niliyoipiga picha mlangoni. Zilikuwa sawa. Utaratibu huo haukuanguka kutoka mbinguni. Watu waliupigania mahakamani. Mwaka 2017, katika kesi iliyopewa jina la Maina Kiai, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa urais.

Mama wa maji alishindwa. Alikuwa wa pili, na mshindi alitoka katika chama kidogo. Aliyepewa cheti chake alikuwa wa tatu. Usiku ule mama alijumlisha fomu zake zote kwenye daftari lake, kituo baada ya kituo, kama anavyojumlisha mitungi. Alipomaliza alisema, "Nimeshindwa. Hesabu ni hii." Asubuhi alimpigia mshindi simu akampongeza. Vijana waliokuwa tayari kufunga barabara walirudi nyumbani, kwa sababu yeye mwenyewe aliwaonyesha fomu.

Jambo hilo lilinifunza zaidi ya ushindi wowote. Mtu yuleyule, wadi ileile, shule ileile. Aprili alishinda na watu wakajaa uchungu. Agosti alishindwa na watu wakatulia. Viongozi wa vyama hutuambia kwamba wanazuia wageni ili kulinda amani na utulivu. Niliona kwa macho yangu kwamba kinacholinda utulivu ni hesabu ambayo aliyeshindwa anaweza kuishika mkononi.

Siku hiyohiyo Andrew Mwadime, aliyekuwa mbunge wa Mwatate, alichaguliwa gavana wa kaunti yetu akiwa mwaniaji huru, akamshinda Granton Samboja aliyekuwa madarakani. Huko Meru, Kawira Mwangaza alishinda ugavana bila chama. Miaka mitano kabla yake walikuwa wameshinda hivyo Ndiritu Muriithi wa Laikipia na Mohamed Kuti wa Isiolo. Huko Busia, Paul Otuoma aliukataa mchujo wa chama cha ODM wa 2017 ambao wengi walizitilia shaka takwimu zake, akawania ugavana akiwa huru, akashindwa. Mwaka 2022 chama hichohicho kilimpa tiketi, akashinda. Mtu mmoja, mara mgeni, mara mwenyeji, na wapiga kura ni walewale.

Sidai kwamba wasio na chama ni malaika. Wengine ni watu waliozoea madaraka ambao wamekataa kushindwa. Na kutawala peke yako ni kugumu. Mwangaza alijikuta mbele ya bunge la kaunti lililojaa watu wa vyama. Alitimuliwa na madiwani mara kadhaa, Seneti ikamwokoa mara mbili, mara ya tatu Agosti 2024 ikaafiki, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakataa kumrudisha. Kuhusu mashtaka yenyewe, vyombo hivyo vilisikiza na kuamua, nami siyarudii. Nasema tu kwamba gavana asiye na chama huingia ofisini bila mtu wa kumtetea, na anayefikiria kuwania hivyo ajue.

Wala siombi vyama vife. Chama kina haki ya kuwa na ilani, kuweka masharti ya uanachama, kumfukuza mwizi kwa utaratibu ulioandikwa. Chama kikisema wazi kwamba mwaniaji wake atateuliwa na wajumbe, kama Sheria ya Vyama vya Kisiasa iliyorekebishwa 2022 inavyoruhusu, sawa, mwananchi ajue mapema na apime. Ninachokikataa kwa nguvu zangu zote ni kuwaita watu wapige kura kisha kuiweka kura yao kando. Katika ngome za vyama, na Kenya imejaa ngome, mwenye tiketi ameshashinda nusu ya safari au yote. Siaya mwaka 2013, mchujo wa ugavana wa ODM ulipozua mzozo kati ya William Oduol na Oburu Oginga, tiketi ilipewa mtu wa tatu, Cornel Rasanga, na Rasanga akatangazwa gavana. Tarehe 21 Aprili 2017 chama cha Jubilee kililazimika kufuta mchujo wake kwa fujo na uhaba wa karatasi za kura. Mahali ambapo mchujo ndio uchaguzi, wizi wa mchujo ni wizi wa uchaguzi, na Tume ikija Agosti na fomu zake safi inakuta kazi imeshamalizwa.

Nina binamu upande wa pili wa mpaka, Moshi, ng'ambo ya Taveta na Holili. Nilipomsimulia habari za mama wa maji aliniambia kwao asingeweza hata kujaribu. Tanzania, mwaniaji lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga sheria hiyo maisha yake yote. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, katiba ikarekebishwa kumzuia. Alishinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba haki yake imevunjwa. Alifariki Oktoba 2015 kabla sheria haijabadilika. Nikikumbuka hilo, naithamini Ibara ya 85 kuliko nilivyoithamini nilipokuwa katibu.

Kazi yangu siku hizi ni ndogo. Nazunguka kwenye matawi ya vyama, hata la kwangu la zamani, nikiomba jambo moja: katika mchujo ujao matokeo ya kila kituo yaandikwe kwenye fomu, mawakala wapewe nakala, nyingine ibandikwe mlangoni jioni hiyohiyo. Sheria ya Uchaguzi inakiruhusu chama kuiomba Tume isimamie mchujo wake, na ningefurahi sana kuona chama kikubwa kikifanya hivyo. Baadhi ya makatibu wananisikiza. Wengine hunikaribisha chai tu. Narudi tena.

Kwa yeyote anayekusudia kuwania 2027, kwa chama au bila chama, namwomba mambo ya kawaida kabisa. Angalia leo kwenye sajili kama jina lako limeandikwa mahali usipopajua, kisha uwaambie jirani zako nao waangalie. Ukiwania mchujo, usikubali wakala wako atoke kituoni bila nakala yenye saini, hata kama chama kinasema haihitajiki. Na kama moyoni unajua huenda utasimama peke yako, usingoje cheti kitakachocheleweshwa: kura ni 10 Agosti 2027, na uanachama wako uwe umekwisha, kwa barua yenye muhuri, kabla ya tarehe 10 Mei.